TAHADHARI: "Kioo cha Beit al-Ajaib" nilichouziwa kilizeeshwa kwa asidi

Wadau wa mapambo, hasa mnaopamba nyumba za wageni Unguja, Bagamoyo na hapa Dar, kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na vioo vikubwa vya kujitazamia anavyodai ni vya kale. Mimi keshanila shilingi 1,800,000. Jina lake silitaji, maana shauri liko polisi, na hata nikilitaja halitawasaidia: tangu tuanze kuvutana kashabadilisha jina la ukurasa mara mbili. Bora muijue mali yake.

Nilikuwa natafuta kioo cha sebule ya mteja, nyumba ya zamani yenye kuta nene na zidaka, inayohitaji kitu chenye umri wake. Vioo vipya vya dukani vingepwaya mle. Nikaona picha: kioo kirefu, fremu ya dhahabu yenye maua kila pembe, uso una madoa meusi kama ngozi ya chui. Nikapenda papo hapo. Nikauliza kimetoka wapi. Akajibu, "Dada yangu, hiki kilitolewa Beit al-Ajaib, jumba la masultani la Unguja, lilipoporomoka. Cha Sultani Seyyid Barghash mwenyewe. Zebaki halisi, fremu ya mvule." Halafu kama kawaida yao: kuna Mzungu wa Nungwi anakuja kesho na pesa mkononi, wewe tuma nusu nikuwekee. Nikatuma nusu kwa simu. Nusu ya pili nikatuma kilipopakiwa botini.

Sasa hebu niicheke akili yangu kidogo. Beit al-Ajaib lilijengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, ni mali ya Serikali, na lilikuwa makumbusho. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu walikufa pale. Kama kweli kioo kilitoka mle, basi nilikuwa nanunua mali ya umma iliyoibwa kwenye kifusi cha msiba. Swali hilo halikunijia kabisa. Hadithi ilikuwa tamu, na yule bwana anajua utamu wake unatoka wapi: ni kweli kwamba matajiri wa Unguja, Lamu na Mombasa karne ya 19 waliagiza vioo kutoka Ulaya na kuvitundika ukumbini pamoja na sahani za kaure. Uongo wake ameupanda kwenye udongo wenye rutuba.

Kioo kilipofika nikampelekea fundi wangu wa vioo akiwekee kulabu za nyuma. Mzee huyu kakata vioo tangu sijazaliwa. Alikiinamia, akanusa, akaniuliza, "Mwanangu, hiki umenunua au umepewa?"

Alianza na harufu. Fremu ilinuka kiwi ya viatu. Akachukua kisu, akakwangua upande wa ndani kusikoonekana: chini ya dhahabu hakuna mvule wala mti wowote, ni faiba nyeupe iliyomiminwa kwenye umbo. Tukayaangalia yale maua ya pembeni. Yote manne yana kitobo kimoja cha povu, kwenye jani lilelile la kushoto. Hapa aliniasa nisikimbilie kuhukumu, kwa kuwa hata Wazungu wa zamani walikuwa na mapambo ya kumimina kwenye umbo na kuyabandika juu ya mbao. Ila ya kwao yana mbao chini. Hii haikuwa na hata kijiti.

Mgongoni kulikuwa na karatasi ya kaki iliyopakwa chai, rangi sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Karatasi iliyozeeka ukutani haiwi hivyo. Huungua zaidi panapopata hewa na kubaki na rangi nyepesi palipofunikwa. Tulipoifungua tukakuta plaiwudi, na skrubu za nyota. Skrubu za nyota zilianza kuuzwa miaka ya 1930, na Barghash alifariki 1888. Kwa haki, skrubu moja mpya si ushahidi, huenda fundi fulani alikaza tu. Lakini hizi zilikuwa kumi na mbili, zote zinang'aa, na hakuna tundu hata moja la msumari wa zamani.

Kilichoniuma zaidi ni madoa, yale yale niliyoyapenda. Kioo halisi huanza kuugua pembeni na chini, kwa sababu unyevu unaingilia kwenye kingo na kutuama chini, kisha doa linatambaa taratibu kwenda katikati. Changu kingo zote zilikuwa safi kabisa na madoa yamejazana katikati, mviringo mviringo, kama mtu aliyenyunyiza kwa chupa. Na ndivyo ilivyokuwa. Wanabandua rangi ya mgongoni kwa dawa, halafu wanarushia asidi ya kusafishia vyoo ili ule utando wa madini ya fedha unaofanya kioo kionyeshe sura uliwe. Mzee alinionyesha hata michirizi ilipotiririka.

Na hiyo fedha yenyewe ilimsuta muuzaji. Vioo vya zamani sana vilipakwa bati na zebaki. Njia ya kupaka fedha ilivumbuliwa na Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835, na kufikia mwisho wa karne hiyo ilikuwa imeitoa zebaki sokoni. Kioo cha zebaki kikichakaa huwa cha kijivu chenye vimetameta, kama chumvi iliyomwagika nyuma ya kioo. Cha fedha ndicho kinachotoa madoa meusi na ya kahawia. Kwa hiyo mtu anayekuuzia "zebaki halisi" yenye madoa meusi, ama hajui anachouza au anajua vizuri sana.

Kuna jambo hapa ambalo ni la afya kabisa. Ukibahatika kukipata cha zebaki kweli, usisugue mgongo wake kwa mkono, usikipige msasa, na usikiweke chumba cha watoto. Zebaki huweza kujikusanya kama matone kwenye ukingo wa chini na kutoa mvuke wenye sumu. Kisafirishwe kikiwa kimesimama, na kifungwe vizuri.

Kabla hujatuma hata shilingi, omba picha ya mgongo. Mimi niliomba baada ya kulipa, akaniambia kimeshafungwa. Mwenye kioo cha kweli anaupenda mgongo kuliko uso na atakutumia picha kumi bila kuombwa. Kama unaweza kufika, gusisha ncha ya kalamu kwenye kioo na utazame nafasi kati ya ncha na taswira yake ndani ya kioo, kwenye pembe zote nne. Hiyo ndiyo inakuonyesha unene. Vioo vya kale hupishana kidogo na sura yako hucheza ukisogea; changu kilikuwa milimita 4 kila mahali, kimenyooka kama maji ya ndoo. Kama ukingo umenolewa, pitisha kidole: mnoleo wa mkono wa kale ni mpana na laini, karibu usiusikie, wa mashine una ukingo mkali unaousikia waziwazi.

Simaanishi kila kioo kipya kwenye fremu kuukuu ni utapeli. Vioo huvunjika, watu hubadilisha, na fremu nzuri bado ina thamani yake. Mwenye haki atakwambia tu, "fremu ya zamani, kioo cha juzi," na bei itasema hivyo.

Nilipomrudia muuzaji alinijibu kwamba mali ikishavuka bahari hairudi, kisha akanifungia. Mzee wangu alinikadiria kioo kama hicho na fremu ya faiba, vyote vipya, haifiki 300,000.

Juzi rafiki yangu kanitumia tangazo kwenye ukurasa mwingine. Picha ni ya kioo kingine lakini godoro la nyuma ni lile lile, shuka ya mistari ya kijani. Safari hii kimetoka nyumba ya liwali Lamu. Kuzeni picha, mtazame ua la pembeni, jani la kushoto. Kitobo kipo.