Msumeno wa mkanda wa kuhamishika: unachopewa dukani na unachopaswa kuongeza mwenyewe

Mashine ndogo za kupasulia magogo zinazouzwa Dar es Salaam siku hizi, zile za msumeno wa mkanda zinazosukumwa kwa mkono juu ya reli, zinafanana sana hata kama stika za ubavuni ni tofauti. Injini ya petroli ya nguvu ya farasi 13 hadi 15, magurudumu mawili ya kipenyo cha inchi 19 hivi, msumeno wa upana wa milimita 32, reli za kuunganisha kwa bolti, na kichwa, yaani sehemu inayobeba injini na msumeno, kinachopandishwa na kushushwa kwa mkono wa kuzungusha. Kwa fundi wa Keko anayetaka mbao pana za mkangazi, au mwenye yadi Buguruni anayeletewa magogo ya miembe iliyoangushwa mjini, ni chombo kizuri. Ila kinatoka dukani kikiwa hakijakamilika, na wanunuzi wengi hukimbilia kukamilisha sehemu isiyohitaji kukamilishwa. Wanabadilisha injini.

Injini inatosha na fremu inatosha. Kinachopungua ni vile vitu vinavyoushika msumeno unyooke, uwe safi na upoe. Pesa ya marekebisho iende huko kwanza.

Faida yenyewe ya mashine hii iko kwenye wembamba wa msumeno. Chuma kina unene wa milimita 1.07, na meno hutanuliwa karibu nusu milimita kila upande, kwa hiyo mkato mzima hula milimita 2 tu. Dingdong ya msumeno wa duara hula milimita 5 na zaidi. Ukitoa mbao kumi na mbili za inchi moja kwenye gogo, tofauti hiyo ni ubao mzima unaobaki mbao badala ya kuwa vumbi. Lakini chuma chembamba hivyo hakina ubishi. Kikiongozwa vibaya kinapinda, na ubao unatoka na mawimbi.

Anza na roli za kuongozea, mbili zinazoukandamiza msumeno kulia na kushoto kwa gogo. Nyingi za dukani ni beringi za kawaida zilizopangwa pamoja, msumeno ukipita moja kwa moja juu ya ganda la beringi. Zinaanza kulia mapema, kisha zinacheza. Dawa yake ni kuchongesha roli kamili kwa fundi wa lethi, Gerezani au kwenye karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo, Vingunguti. Eksel ya zamani ya gari ni chuma kizuri kwa kazi hii. Kipenyo cha nje kiwe milimita 55, nyuma kuwe na ukingo uliosimama, na ndani zikae beringi mbili za 6203. Chagua zenye mpira pande zote mbili. Zile za kifuniko cha bati hupitisha maji na vumbi. Pini ya katikati ichongwe milimita 17 kamili, kwa sababu bolti ya 16 itaacha nafasi na roli itacheza siku hiyohiyo.

Kuzifunga kuna utaratibu, na ukivuruga hatua ya kwanza zote zinazofuata hazina maana. Ziondoe roli zote mbili zisiguse kabisa. Kaza msumeno, zungusha gurudumu kwa mkono huku umevaa glovu, urekebishe mwinamo wa gurudumu hadi shimo lililo kati ya jino na jino litokeze mbele ya ukingo wa gurudumu kwa milimita 3. Sasa shusha roli hadi zisukume msumeno chini kwa milimita 6 kutoka mstari wake wa kawaida. Nyuma, acha milimita 3 kati ya mgongo wa msumeno na ukingo wa roli. Msumeno uguse ukingo huo unapokata tu. Ukiugusa muda wote, mgongo unapata joto na nyufa ndogo, na msumeno utakatika ukiwa bado mkali.

Kisha pima usawa. Chukua pau bapa iliyonyooka ya sentimita 40, ibane kwenye uso wa msumeno karibu na roli ikielekea upande wa urefu wa gogo, isikalie meno yaliyotanuliwa. Pima kutoka ncha ya mbele ya pau hadi kwenye kitanda, yaani pale gogo linapolala, kisha ncha ya nyuma. Tofauti isifike milimita 1. Ncha ya mbele ikiwa juu msumeno utapanda ndani ya gogo, ikiwa chini utazama, na hakuna kukaza kutakakouzuia.

Kukaza ndiko sehemu ya pili, na hapa mashine za dukani huja na bolti ndefu yenye mpini na maelezo ya "kaza hadi iwe ngumu". Ngumu kwa mkono wa nani? Msuguano wa nati hula sehemu kubwa ya nguvu yako, na nati ikikauka grisi, mpini unakuwa mgumu wakati msumeno bado umelegea. Weka beringi ya kusukuma chini ya nati. Kama bolti ni ya milimita 20, namba 51104 inaingia. Paka grisi. Halafu pima mvuto wenyewe: funga fimbo ya chuma ya milimita 500 kwenye msumeno uliolegea, ncha moja ibanwe kabisa, ncha nyingine isukume geji ya saa kama anayotumia fundi wa lethi. Kaza hadi msumeno urefuke milimita 0.25 hadi 0.35 kwenye urefu huo. Ni takribani paundi 15,000 hadi 20,000 kwa inchi ya mraba, ambako msumeno wa aina hii unafanya kazi vizuri. Ukishaipata, ipake nati alama ya rangi, na rudia kipimo kila unapobadili aina ya msumeno. Geji iondolewe kabla ya kuwasha.

Namba hiyo ndogo ndiyo inayoeleza kwa nini maji si jambo la hiari. Chuma cha urefu wa milimita 500 kikipanda joto nyuzi 30 kinarefuka milimita 0.18. Yaani zaidi ya nusu ya mvuto uliouweka unaweza kupotea kwa joto la msuguano peke yake. Ndiyo maana ubao wa kwanza unanyooka na wa nne unatoka na tumbo. Angalia tena mkazo baada ya mbao mbili za kwanza, na ukimaliza kazi legeza. Msumeno uliokazwa ukiwa moto husinyaa usiku, ukajivuta na kuyabonyeza matairi ya mpira yaliyovikwa magurudumu.

Tangi la maji linalokuja na mashine lina bomba la kufungua kwa mkono. Linafanya kazi, ila mtu husahau kulifunga anapogeuza gogo na maji yote yanaishia chini. Ongeza vali ya umeme ya volti 12, betri ndogo ya bodaboda na swichi inayobanwa na mpini wa mafuta: ukivuta mafuta maji yanadondoka, ukiachia yanakata. Vali iwe ya aina inayofunguka bila presha. Vali ya mashine ya kufulia haifai kwa kuwa hutaka presha ya bomba, na tangi lililoinuliwa mita moja halina presha hiyo. Mchanganyiko ni lita 20 za maji na vijiko viwili vya sabuni ya kuoshea vyombo. Yadondoke tu, yasimwagike. Kwa msindano wenye utomvu mwingi maji peke yake hayatoshi, hapo matone machache ya dizeli husafisha msumeno vizuri zaidi, ingawa dizeli huacha harufu na doa. Kwa mbao za ndani ya nyumba bora upunguze mwendo na ubadili msumeno mapema.

Matairi ya magurudumu hayana mengi. Kama gurudumu lina mfereji wa belti, ng'oa mpira wa kiwandani ukichakaa na weka belti ya V. Kwa magurudumu mengi ya inchi 19 ni B57, lakini soma namba ya iliyopo kwanza. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Belti lazima isimame juu ya ukingo wa chuma. Msumeno ukianza kugusa chuma chenyewe, hautakaa.

Kipimo cha kimo ndicho rekebisho rahisi kuliko yote na linalolipa haraka. Rula ya kiwandani inaonyesha milimita kutoka kitandani, ikikuachia hesabu ya unene wa mkato kichwani kila mara, na saa tisa mchana hesabu hizo zinakosewa. Chora rula yako kwenye bati la alumini, uisome kwenye uso wa chini wa msumeno. Kwa mbao za milimita 25 alama ziwe 25, 52, 79, 106, 133, 160, na kuendelea kwa kuongeza 27. Kwa mbao za milimita 50 ziwe 50, 102, 154, 206. Unapanga alama ya juu inayoingia kwenye gogo, unashuka alama moja moja, na ubao wa mwisho unabaki kitandani ukiwa na unene sahihi, bila banzi la ajabu. Tumia rangi mbili, upande huu inchi moja, ule inchi mbili. Na kichwa kifike kwenye alama kikishuka kutoka juu daima. Ukiipita, panda sana kisha ushuke tena, maana uzi wa skrubu una nafasi ndani yake.

Reli: urefu unaouzwa mara nyingi haufiki gogo la futi 12 ukijumlisha nafasi ya kichwa kuanza na kumaliza. Kipande cha kuongeza kitengenezwe kwa engo ya 75 kwa 75 yenye unene wa milimita 6, na mihimili ya kukatiza kila sentimita 60. Mchomeleaji ashike kwanza kwa nukta ndogo pande zote, akihama huku na huku, ndipo amalizie. Akichomelea upande mmoja mfululizo engo itapinda, na kuinyoosha ni kazi kuliko kuitengeneza. Ardhi ya Dar es Salaam sehemu nyingi ni mchanga, miguu ya mashine inazama. Mimina vitako vya zege au laza mbao nene chini, kisha vuta uzi wa nailoni kutoka ncha hadi ncha, na jeki za skrubu ziondoe tofauti hadi isizidi milimita 1. Reli ikizama katikati, msumeno unazama nayo wakati gogo limebaki limenyooka, na ukigeuza gogo kosa linajirudia maradufu.

Gogo la mwembe la kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 3.6 lina karibu mita moja ya ujazo, karibu tani nzima likiwa bichi. Usilinyanyue. Weka miti miwili imara kama ngazi ya mteremko, funga kamba mbili kwenye fremu, zipitishe chini ya gogo na uzirudishe juu, kisha vuta kwa winchi. Gogo linabiringika lenyewe kwa nusu ya nguvu. Chomelea vizuizi upande wa pili wa kitanda kabla ya kujaribu, kwa sababu gogo likishashika mwendo halisimami kwa maneno.

Miti ya mjini ina misumari na waya za kuanikia nguo zilizomezwa na ganda. Kile kifaa cha kukagulia cha walinzi wa getini kinagundua chuma kilicho karibu na uso, na kinafaa kununuliwa kabla ya chochote cha umeme. Mchanga uliobebwa na gogo lililoburutwa unaua makali kuliko msumari: osha au menya ganda kwa shoka kwenye njia ya msumeno. Na kibali na hati ya kusafirishia magogo kutoka TFS, wakala wa huduma za misitu, viwepo kabla gogo halijafika yadini.

Kuhusu injini, ongeza sponji juu ya chujio la hewa na uigeuze njia ya kutokea vumbi ili isielekee huko. Waya wa mafuta wa bodaboda unafaa kabisa ukikatika wa kiwandani. Swichi ya kuzimia ihamishiwe kwenye mpini wa kusukumia, mahali kidole kinapofika bila kuachia mkono.

Mwenye umeme wa njia tatu anaweza kuweka mota ya kilowati 7.5, nayo hukata kwa utulivu kuliko petroli. Puli lazima zibadilike. Msumeno unataka mwendo wa mita 25 kwa sekunde hivi, ambao kwa gurudumu la milimita 480 ni mizunguko 1,000 kwa dakika. Injini ya mizunguko 3,600 inahitaji puli ndogo kwenye injini na kubwa kwenye gurudumu, kwa uwiano wa moja kwa 3.6. Mota ya mizunguko 1,450 inahitaji moja kwa 1.45 tu, kwa hiyo gurudumu likiwa na puli ya inchi 14, mota ivae ya inchi 9 na nusu hadi 10. Waliohamisha mota wakaacha puli ya petroli hupata msumeno unaotembea chini ya nusu ya mwendo wake, unaokwama kwenye kila kifundo. Kebo ining'inie kwenye waya wa juu unaofuata kichwa, isilale kwenye reli.

Kabla hujalipia mashine yoyote, muulize muuzaji urefu kamili wa msumeno na kama anao wa akiba. Ukitaka kuuhesabu mwenyewe, pima kutoka kitovu hadi kitovu cha magurudumu, zidisha kwa mbili, ongeza kipenyo mara 3.14, huku skrubu ya kukazia ikiwa katikati ya safari yake. Chukua misumeno mitano angalau. Mmoja usikate zaidi ya saa mbili kabla ya kunolewa, hata kama bado unaonekana unakata, kwa sababu nyufa huanza kwenye shimo la jino wakati makali yamepungua na mkono umeanza kusukuma kwa nguvu. Anayenoa apitishe jiwe kwenye shimo lote, si kwenye ncha peke yake.