TanzLII kwa mwanafunzi wa sheria: hukumu zipo bure, kuzisoma ni juu yako

Mwanafunzi wa sheria Tanzania anayeanza utafiti bila kufungua TanzLII anajipa kazi ya bure. Tovuti hii ni ya Mahakama ya Tanzania, haina ada, na hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu unazipakua nzima.

Rejea zake ndizo zinazonipendeza zaidi: mwaka, alama ya mahakama, kisha namba. TZCA ni Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu, TZHCLandD ni Divisheni ya Ardhi. Angalia miaka vizuri. Kesi ya Lyamuya Construction, inayotajwa mno kwenye maombi ya kuongezewa muda, ni Ombi la Madai Na. 2 la 2010, lakini iliamuliwa Oktoba 2011. Mwaka wa kwenye namba ya shauri ni wa kufunguliwa kwake. Ule unaoanza rejea ya TanzLII, kwenye mabano ya mraba, ni wa uamuzi. Ukiivuruga, hata mpangilio wako wa kesi ipi ilitangulia unaharibika.

Unapotafuta, usiandike swali zima. Funga maneno ya kisheria ndani ya alama za kunukuu, mfano "extension of time", chuja kwa mahakama na mwaka, uanze na Rufani. Kisha rudia kwa Kiswahili, "kuongezewa muda": tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama, na hukumu za Kiswahili hutazipata kwa maneno ya Kiingereza. Hukumu za zamani zilizoskaniwa husumbua, maana mashine husoma herufi vibaya. Neno unaliona kwa macho lakini utafutaji haulioni. Hapo tafuta kwa jina la mdaawa mmoja, yaani upande mmoja wa kesi, lile lisilo la kawaida.

Tatizo kubwa ni kwamba wanafunzi hunakili aya iliyonukuliwa na hukumu nyingine. Vigezo vinne vya kuongezewa muda vilivyo katika Lyamuya huwaponza hivyo. Wengi huandika kwamba uharamu wa uamuzi unaopingwa ni sababu ya kuongezewa muda, wakaishia hapo. Fungua uamuzi wenyewe: Mahakama inasema hoja hiyo ya kisheria lazima iwe nzito na ionekane wazi kwenye kumbukumbu za shauri, si ya kuibuliwa kwa mabishano marefu. Ukiacha sharti hilo, hoja yako imekosa mguu.

Ukurasa wa hukumu unaweza kukuonyesha hukumu nyingine zilizoinukuu. Zisome kuanzia mpya zaidi, kwa sababu orodha haikwambii kama zilifuata msimamo ule au ziliutofautisha.

Kwenye sheria zilizotungwa, kagua toleo. Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria zilizochapishwa upya pamoja na marekebisho yake, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na namba za vifungu kadhaa zimehama. Kifungu kilichotajwa kwenye hukumu ya 2018 kitafute upya kwa maneno yake, kisha andika toleo unalotumia. Vitabu vya ufafanuzi wa sheria usitegemee kuvipata TanzLII. Hivyo bado ni vya maktaba.