Barza ya vioo: devi safi, mfereji pembeni

Nilitaka barza ya vioo nyuma ya nyumba, huku Himbi, miche ya michungwa ya mama mkwe isipigwe na mvua. Atelie moja ya alimini hapa Goma ilinipa devi, yaani makadirio ya bei kwa maandishi, ya dola 2,400. Si bei ya mchezo, lakini kila kitu kiliandikwa: vioo, fremu, simenti, hata mpira wa kuzungushia kila kioo kisipasuke ardhi ikitikisika. Aliyekuwa hapa Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na ardhi ikatikisika, haulizi mpira huo ni wa nini. Kwenye msingi tuliokoa pesa, mawe ya volkano yamejaa uani. Ila mfereji wa paa haukuwemo. Wakaudai pembeni, dola 180. Nililipa nikinuna. Milango inateleza vizuri, maji hayaingii. Ulizia mfereji kabla ya kutoa avansi.