Tathmini ya EPOC X: kupima ubongo kabla ya kuchora jengo

EPOC X ya kampuni ya Emotiv, kifaa kinachovaliwa kichwani chenye elektrodi 14 (vihisio vya umeme) zinazoloweshwa kwa maji ya chumvi, humwezesha msanifu majengo kurekodi umeme wa ubongo wa mtu anayetembea, jambo lililo gumu kwa mitambo ya maabara yenye nyaya nyingi. Toleo la awali, EPOC, lilitumika mjini Edinburgh kwa watu 12 waliopita mtaa wa maduka, bustani na eneo lenye shughuli nyingi, na uchambuzi wa kompyuta ukaonyesha dalili za utulivu zaidi walipoingia bustanini. Hata hivyo, kupepesa macho na kukaza taya huchafua data, nazo fomula za kupima msisimko au utulivu ni siri ya kampuni. Ninakipendekeza kwa dhati kwa kulinganisha michoro miwili ya wodi au darasa, mradi watumiaji wenyewe wahojiwe pia.