Uzoefu wangu: nyaya za Toyota IST zilizotafunwa na panya

Ninawaandikia wenye magari madogo ya Kijapani ambao wameambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba panya akishatafuna nyaya dawa ni kununua waringi yote ya injini, yaani fungu zima la nyaya, iliyotumika. IST yangu yenye injini ya 1NZ-FE ilitengenezwa kwenye gereji ndogo hapa Morogoro kwa shilingi 140,000, ufundi pamoja na vifaa, na imemaliza mvua zote za masika bila taa ya injini kuwaka. (Mji huu ndiko shirika la APOPO na Chuo Kikuu cha Sokoine wanakowafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini, wale wa mtaani kwetu hawakubahatika kupata elimu hiyo.)

Gari lilikuwa likimisi na kutetemeka likiwa limesimama. Gereji ya kwanza ilipima kwa kompyuta, ikapata kosa P0202, na papo hapo ikataka kuniuzia injekta, kile kifaa kinachonyunyizia mafuta kwenye injini. Kosa hilo linahusu njia ya umeme ya injekta ya pili, wala halithibitishi kwamba injekta yenyewe imekufa. Fundi umeme wa gereji ya pili alichomoa soketi, akaipima injekta kwa mita, akakuta takriban omu 14, yaani nzima, kisha akaanza kuufuata waya kwa vidole. Chini ya kifuniko cha plastiki cha injini tulikuta maganda ya karanga na sponji iliyochanwachanwa, na pembeni yake nyaya zimemenywa hadi shaba.

Ninampa alama za juu kwa namna alivyounga. Alikata kila waya hadi alipofikia shaba inayong'aa, kwa kuwa iliyoliwa na mkojo wa panya huwa nyeusi na haishiki risasi ya kulehemu. Akaongezea vipande vya unene na rangi ileile, akachomea kwa risasi na kuvisha kila kiungo kimpira kinachosinyaa kikipashwa moto. Viungo hivyo alivipishanisha, kimoja mbele na kingine nyuma, ili fungu lisivimbe mahali pamoja wala viungo visigusane iwapo kimpira kitachanika. Alimalizia kwa tepu ya kitambaa na bomba jipya la mikunjo. Ukiona fundi anasokota nyaya kwa mkono na kuzungushia solatepu tu, mzuie mapema, maana joto la injini huyeyusha gundi yake na unyevu hupenya.

Kasoro zipo. Kazi aliyoahidi kuimaliza siku hiyohiyo ililala, risiti niliipata baada ya kuidai, na dhamana ilikuwa ya mdomo tu. Aidha, alitoa kiota kile kwa mikono mitupu, jambo lisilofaa hata kidogo katika nchi iliyoona mlipuko wa homa ya mgunda mkoani Lindi mwaka 2022, kwani ugonjwa huo huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwamo. Mteja ana haki ya kumtaka fundi avae glavu kabla hajaanza.

Mwishoni alinishauri nipake oili chafu juu ya nyaya ili panya wasirudi. Hilo nilikataa, kwa sababu oili hulainisha mipira, hukusanya vumbi na inaweza kushika moto. Nimetega mtego karibu na gurudumu la mbele, na boneti huifungua kila Jumamosi.