Playfair Display ya mlazo: fonti ya vichwa vya habari
Playfair Display, fonti iliyobuniwa na Claus Eggers Sørensen kutoka Denmark na kutolewa mwaka 2011, imechota umbo lake katika herufi za karne ya 18, hasa zile za mchapaji Mwingereza John Baskerville, enzi ambapo kalamu ya chuma yenye ncha kali ilikuwa ikichukua nafasi ya ile ya unyoya. Mtindo wake wa mlazo, yaani wa herufi zilizoinama, ndio ninaoupenda zaidi: shina la herufi, yaani mstari wake mkuu, ni nene na jeusi, ilhali mistari ya kuunganisha ni myembamba kama uzi, na ncha ya "f" hujikunja na kuishia kwa kitone cha mviringo kinachopendeza mno neno likiandikwa kubwa. Kwa kuwa mwili wa herufi ndogo ni mrefu na mikia ya chini ni mifupi, kichwa cha habari cha mistari miwili kinaweza kubanwa bila herufi kugongana. Kwa aya ndefu siipendekezi kabisa. Ikipunguzwa hadi pointi 10, nyuzi zile hufifia, hasa kwenye skrini hafifu, na msomaji huchoka mapema. Leseni yake ni huria, hata kwa kazi za biashara, na kwa ubora huu, huo ni ukarimu mkubwa.