Aliyenishika mguu hakuruhusiwa, asiyenishika ndiye aliyesaini

Nianze na lile neno, maana linaninyima usingizi kuliko hata maumivu: «Wewe ni nani wa kuandika radio?» Yaani, wa kuagiza picha ya eksirei.

Aliyeambiwa hivyo ni mama muuguzi, mtu mzima mwenye mvi. Aliambiwa mbele yangu, mbele ya mtoto aliyekuwa akitundikiwa serumu, mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi. Aliyesema ni kijana wa mlango wa radio ambaye mama huyo angeweza kumzaa. Hata «mama» hakuiweka. Wewe! Jina la hospitali silitaji. Ni ya hapa hapa Goma, inatosha.

Ilikuwa mwezi uliopita, au ule wa kabla yake, jioni, nikifunga biashara yangu ya vitenge Birere. Nilishuka vibaya kwenye moto, yaani pikipiki. Anayeijua Birere anajua kwamba ukiacha tu barabara unakanyaga makoro, yale mawe ambayo volkano ya Nyiragongo ilimwaga katikati ya mji 2002. Mguu wa kulia uliingia kati ya mawe mawili, mwili ukaenda upande mwingine. Nikasikia ko! Wenzangu walitaka nipelekwe kwa mzee mmoja anayechua miguu. Nilikataa, na leo namshukuru Mungu, maana kuchua mfupa uliopasuka si mchezo.

Yule mama alinipokea dharura kwa «pole, mama, kaa hapa», akachuchumaa chini, akaanza kazi. Sijawahi kushikwa mguu kwa akili namna ile. Kwanza aliuliza: ulipoanguka, uliweza kukanyaga pale pale? Nikasema hapana. Kisha akapitisha kidole gumba nyuma ya mfupa wa nje wa kifundo, akipanda polepole hadi kama sentimita 6, akarudi kwenye ncha yake. Pale nilipiga kelele. Akafanya vile vile upande wa ndani, sikusikia kitu. Akabonyeza pembeni mwa wayo, usawa wa kidole kidogo, kisha ule mfupa ulio juu ya unyayo wa ndani. Mwisho akasema: «Mama, jaribu hatua nne. Hata ukichechemea, tunahesabu.» Hatua ya pili haikutoka.

«Hii inataka radio,» akasema. Nilipomuuliza amejuaje, alinieleza bila kunidharau. Kuna kipimo kinachoitwa sheria za Ottawa, madaktari wa Kanada walikitangaza 1992 ili watu wasipigwe radio bure kila wanapotegua mguu. Mfupa ukiuma mahali hapo maalumu, au mtu akishindwa hatua nne, mpige radio. Vyote vikikosekana, mfunge, mpe dawa ya maumivu, aende nyumbani. Mpwa wangu anayesomea uuguzi aliniambia baadaye kwamba kipimo hicho mara chache sana kinapitwa na mvunjiko, tena kinapunguza radio kwa kama theluthi moja. Akaongeza kwamba Kanada, Uingereza na Australia wako wauguzi waliofundishwa, wanaoandika radio ya kifundo wenyewe, kabla daktari hajafika.

Basi mama akaandika karatasi, akanisukuma mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu hadi mlangoni. Ndipo likatoka lile neno. Karatasi ilirudishwa kwa vidole viwili, kama kitu kichafu. Sahihi ya daktari, au hakuna radio. Daktari alikuwa akimpasua mama wa uzazi. Simlaumu kwa hilo, angeacha vipi kisu amfuate mwenye mguu?

Tulingoja. Giza likaingia, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Mguu ukavimba hadi ngozi ikang'aa. Yule mama alikata katoni ya chupa za maji, akanifungia mguu nayo kwa bendeji ili usitikisike, akauegemeza juu ya kiti chake mwenyewe. Yeye akaendelea na zamu amesimama.

Daktari alipotoka, aliuliza karatasi iko wapi, akaiweka ukutani, akasaini. Mguu hakuutazama. Nimekaa pale kwa saa zote zile nikingoja jicho la daktari, kumbe nilikuwa nangoja kalamu! Hapo na yeye nilimlaumu.

Radio ikaonyesha ufa kwenye ncha ya mfupa wa nje, pale pale kidole cha mama kilipobonyeza. Wiki 6 za plasta.

Labda kijana yule anafuata amri ya wakubwa wake, nakubali. Mashine ni ghali, na kama kila mtu angeandika radio, watu wangeliwa pesa. Lakini hizo pesa zinalindwa na nani? Mdogo wangu aliwahi kuteguka mpirani, akaingia hospitali hiyo hiyo akitembea kwa miguu yake. Alitumwa radio na daktari aliyesimama mlangoni, hakuna aliyembonyeza popote. Tulilipa chakula cha siku tano, picha ikatoka safi. Sahihi ilikuwepo. Na hata kama amri ni ya wakubwa, lile «wewe» hakuna mkubwa aliyemtuma kulisema.

Nikiandika hivi hasira inapanda upya, nataka kuwaambia msiende pale kabisa. Mkiwa na mguu uliovimba nendeni kwingine. Halafu nakumbuka ile katoni. Nakumbuka kwamba baada ya kutukanwa vile hakupunguza hata chembe ya upole wake kwangu. Kwingine nitampata nani wa kunishika hivyo? Wenye hospitali, kama mnasoma: mpeni mama yule ruhusa ya kuandika radio ya kifundo, kwa maandishi, ibandikwe kwenye ule mlango. Jina lake silisemi, wasije wakamletea matata.

Plasta inatolewa wiki ijayo. Nimekwisha kuuliza zamu zake: yuko Jumanne na Alhamisi, mchana. Nitaenda Jumanne.